Mali ya Abdulla: jina, wazo na daftari lisilofutika

Chukua kanga ya Mombasa, ile inayotolewa na nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, uikunjue uangalie maandishi yake. Utakuta herufi K.H.E. na maneno matatu: Mali ya Abdulla. Kanga ni yako, umeilipia, utajifunga au utambebea mtoto upendavyo. Mchoro una mchoraji wake. Maneno ya katikati, yale ambayo wenyewe tunayaita jina la kanga, pengine ni methali isiyo na mwenyewe, au ni mshororo uliotoka kwenye taarabu. Na bado alama inasema mali ya Abdulla, wala sijasikia mwanamke aliyegombana nayo. Kila mtu anaelewa Abdulla anadai nini: anadai alama yake. Hadai kanga yako, hadai methali ya watu wote.

Kitambaa kimoja kina umiliki wa namna nne na hakuna anayebabaika. Mtandaoni tunababaika, na teknolojia ya sarafu za kripto, iliyokuja na ahadi ya kutumalizia mkanganyiko huo, imetuongezea mwingine. Nataka kuufungua fundo moja moja, maana mimi mwenyewe umenigusa.

Miaka michache iliyopita nilisaidia kikundi cha akina mama wanaoshona mikoba ya kitenge kupata tovuti. Jina nililisajili kwa barua pepe yangu. Baadaye nikaacha kuitumia barua pepe hiyo, taarifa za kulipia zikaja zikakosa msomaji, muda ukaisha. Siku moja mama mwenyekiti akanipigia simu. Hata shikamoo yangu hakuingoja. "Mwanangu, mbona tovuti yetu inachezesha kamari?" Mtu nisiyemjua, wala nchi yake siijui, alikuwa amelidaka jina mara tu lilipoachiwa. Nikamweleza kwamba jina halikuwa mali yetu, tulikuwa tumelipanga. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Tulilipanga kwa nani?"

Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Mwanzoni majina ya kompyuta zote za mtandao yalikaa kwenye faili moja, lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford huko California. Ukitaka jina lako liingizwe, unawapigia simu au kuwaandikia, nao wanaliongeza. Mtandao ulipokua, faili likazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akishirikiana na Jon Postel, akabuni mfumo wa kuigawa orodha hiyo kwa ngazi, na ndio tunaoutumia hadi leo. Tangu 1998 ngazi ya juu kabisa inaratibiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lenye makao California. Chini yake kila mkia wa jina una msimamizi wake: .com iko kwa kampuni ya Verisign, .tz inasimamiwa Tanzania, .ke inasimamiwa Kenya. Chini ya hao kuna mawakala, na chini ya mawakala ndipo tulipokuwa sisi na mikoba yetu.

Katika ngazi zote hizo hakuna anayekuuzia jina liwe lako milele. Jina la .com huwezi kulilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Nilimfananishia mama mwenyekiti na ardhi, kwa sababu hapo tunaelewana. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati unayopewa ni ya miaka 33, 66 au 99. Tunasema "kiwanja changu" na tunajenga, lakini kisheria ni haki ya kukaa kwa muda na kwa masharti. Jina la tovuti ni hivyo hivyo, ila muda wake ni mfupi na anayekutoa hana haja ya kuleta tingatinga.

Sasa tuje kwenye ile teknolojia.

Aliyewahi kutafuta kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam anaujua ugonjwa wa kiwanja kimoja kuuzwa watu wawili. Fedha ya kidijitali ilikuwa na ugonjwa huo huo, tena mbaya zaidi, kwa kuwa faili la kompyuta linanakilika bila gharama: kinanizuia nini kulipa kwa "sarafu" ile ile leo kwako na kesho kwa jirani? Dawa ya siku zote ilikuwa kumweka karani mmoja anayeaminika, benki au kampuni ya simu, ashike daftari. Oktoba 31, 2008 mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa andiko la kurasa tisa lenye dawa nyingine: daftari lishikwe na kila mtu.

Fikiria mtaa ambao mauzo ya viwanja yanasomwa hadharani na kila nyumba inayaandika kwenye nakala yake. Anayejaribu kuuza mara ya pili anakutana na mtaa mzima ukimwambia: hapana, hicho uliuza Jumanne. Kwenye bitcoin, sarafu iliyotokana na andiko hilo na iliyoanza kufanya kazi Januari 3, 2009, ukurasa mpya wa daftari unaongezwa kila baada ya dakika kumi hivi, nao unaitwa bloku. Kila bloku inabeba alama ya bloku iliyotangulia, mithili ya dole gumba. Alama hiyo wataalamu huiita heshi. Ni hesabu inayomeza maandishi yoyote, yawe herufi moja au msahafu mzima, na kutema mfululizo mfupi wa herufi na tarakimu. Badilisha nukta moja katika maandishi, mfululizo wote unageuka. Kwa hiyo anayetaka kughushi ukurasa wa zamani hana budi kughushi na kurasa zote zilizoufuata, huku wengine wote wakiendelea kuongeza mpya kwa mashine zinazokula umeme mwingi. Mnyororo huo wa bloku ndio moyo wa teknolojia yote. Sarafu ni kitu kimojawapo tu kinachoweza kuandikwa humo.

Na sahihi? Kila mshiriki ana ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno inayomwezesha kutia sahihi ambayo kila mtu anaweza kuihakiki bila kuiona namba yenyewe. Anayeushika ufunguo ndiye daftari linayemtambua. Daftari halijui jina lake halisi, wala halijui kama ufunguo aliununua, aliurithi au aliuiba. Naomba msomaji alishike hilo, maana mbele tutalihitaji.

Haikuchukua muda watu wakajiuliza: kama daftari hili linaweza kuandika nani ana sarafu ipi, kwa nini lisiandike nani ana jina lipi? Mwishoni mwa 2010 wazo hilo lilijadiliwa na watumiaji wa mwanzo wa bitcoin, naye Satoshi akachangia, akipendekeza majina yawe na mnyororo wake peke yake badala ya kurundikwa kwenye ule wa fedha.

Kulikuwa na kitendawili cha zamani kilichowakera. Mwaka 2001 Zooko Wilcox alisema kwamba jina mtandaoni tunalitaka liwe na sifa tatu: likumbukike na binadamu, liwe salama asije mwingine akajifanya wewe, na lisihitaji karani mkuu. Akadai huwezi kupata zaidi ya mbili. Jina la .com linakumbukika na lina usalama wake, ila karani yupo. Ufunguo wa kriptografia ni salama na hauna karani, lakini nani atakumbuka tarakimu sitini? Na Juma? Juma linakumbukika, halihitaji ofisi yoyote, ila mtaani kwetu wapo watano, ndiyo maana tunasema Juma fundi na Juma wa gengeni. Januari 2011 Aaron Swartz, kijana wa miaka 24, aliandika kwamba daftari la aina ya bitcoin linatoa sifa zote tatu kwa pamoja: wa kwanza kuliandika jina ndiye mwenyewe, na daftari zima ni shahidi wake. Aprili mwaka huo huo Namecoin ikazaliwa, mnyororo wa kwanza kuchipuka kutoka kwenye programu ya bitcoin, ukiwa na majina yanayoishia na .bit.

Miaka minne baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliupekua mnyororo huo. Walikuta majina yapatayo 120,000 yamesajiliwa. Yaliyokuwa na tovuti ya maana, yasiyoshikwa na mlanguzi, yalikuwa 28.

Si 28 elfu. Ishirini na nane.

Kilichonigusa ni kwamba teknolojia haikufeli. Daftari lilifanya sawasawa kile lilichojengewa: halikughushiwa, halikuzimwa na serikali, halikuhitaji karani. Kilichokosekana ni kitu ambacho waanzilishi hawakukiona kuwa sehemu ya umiliki. Kulishika jina kulikuwa na gharama ndogo mno, kwa hiyo walanguzi walijizolea majina ya makampuni na maneno mazuri mazuri, wakakaa wakisubiri mnunuzi ambaye hakuja. Na hakukuwa na baraza la kumwambia mlanguzi: wewe jina hili halikuhusu. Katika mfumo wa kawaida baraza hilo lipo. Tangu 1999 ICANN ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina, na mlalamikaji akithibitisha kwamba mwenzake alilisajili kwa nia mbaya, jina linahamishwa. Kwenye mnyororo nia haina safu ya kuandikiwa.

Walipokuja waliofuata, walikuwa wamejifunza. Mfumo wa majina ya .eth ulioanzishwa Mei 2017 juu ya mnyororo wa Ethereum unatoza ada kila mwaka: dola 5 kwa jina la herufi tano au zaidi, dola 160 kwa herufi nne, dola 640 kwa herufi tatu. Lengo ni kumfanya mlanguzi asikie uchungu wa kukalia asichokitumia. Nafikiri walifanya vizuri. Lakini tazama walikofika: wamerudisha kodi ya pango, safari hii bila mwenye nyumba wa kumbembeleza ukichelewa.

Tena hata wao hawakuachana kabisa na mwenye nyumba wa zamani. Ili vivinjari vya kawaida viweze kufungua kurasa za .eth, walitumia lango lenye jina la kawaida, eth.link. Mwaka 2022 muda wa jina hilo uliisha, na mtu pekee mwenye mamlaka ya kulilipia, Virgil Griffith, alikuwa gerezani Marekani. Likauzwa kwa wengine. Ilibidi mahakama ya shirikisho ya Arizona, Septemba mwaka huo, itoe amri ndipo likarudi. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka barua pepe yangu niliyoiacha, nikaona kwamba uzembe wangu una wenzake wakubwa.

Majina ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mawazo na kazi za ubunifu.

Mwaka 1676 Mwingereza Robert Hooke alikuwa amegundua kanuni ya kunyumbuka kwa springi lakini hakuwa tayari kuitangaza. Akachapisha herufi zilizovurugwa: ceiiinosssttuv. Hakuna aliyeweza kuiba wazo kutoka humo, na hakuna ambaye angeweza kusema baadaye kwamba Hooke amelitunga juzi. Mwaka 1678 akazipanga: ut tensio, sic vis, yaani kadiri springi inavyovutwa ndivyo nguvu inavyoongezeka. Washairi wetu wa tenzi walikuwa na njia iliyo wazi zaidi, ya kufunga utenzi kwa beti zinazotaja jina la mtunzi na tarehe ya kumaliza kwa hesabu ya Hijria. Anayenakili utenzi ananakili na ushahidi.

Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta waliiga hekima hiyo kwa kompyuta. Unachukua heshi ya waraka wako, inaunganishwa na heshi za nyaraka nyingine, mnyororo unaendelea. Kampuni waliyoianzisha, Surety, ikawa kila wiki inachapisha heshi ya kujumlisha zote katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Gazeti likishasambaa mjini, nani atakusanya nakala zote abadilishe mstari mmoja? Andiko la Satoshi lina marejeo manane, na matatu kati ya hayo ni kazi za watu hawa wawili. Ushahidi wa tarehe ulitangulia, sarafu ikaja kupanda juu yake.

Basi ukiweka heshi ya shairi lako kwenye mnyororo leo, umethibitisha nini? Umethibitisha kwamba shairi lenye herufi hizo hizo lilikuwepo leo. Hilo ni jambo kubwa, na ningependa watunzi wetu walitumie, kwa sababu linagharimu kidogo na linaweza kusaidia mbele ya hakimu. Lakini halithibitishi kwamba shairi ni lako. Nikilisikia kwenye mazoezi jioni nikaliweka mimi usiku, mnyororo utanishuhudia mimi, na ushahidi huo hautafutika. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Daftari hili linajua kutangulia tu.

Kuna na kosa jingine ambalo linaniuma kwa sababu naona vijana wakitozwa fedha kwalo: ahadi ya "kusajili wazo" liwe mali yako kwa njia ya tokeni, yaani alama inayoandikwa kwenye mnyororo kwa jina la ufunguo wako. Sheria za hakimiliki, zetu na za karibu dunia nzima, hazilindi wazo. Zinalinda namna ulivyolieleza. Hadithi ya sungura mjanja ni wazo. Maneno yako uliyoiandikia ni kazi. Na haki juu ya kazi hiyo unaipata pale pale unapoiandika, bila kusajili popote, kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa 1886. Hataza ndiyo inayolinda uvumbuzi, nayo ina ofisi yake, masharti yake na mwisho wake. Tokeni haiongezi hata chembe katika hayo.

Kisa kinachoonyesha yote haya kwa pamoja ni cha mchoro uitwao Quantum. Mei 2, 2014 Kevin McCoy, msanii wa New York, alichukua mchoro wake unaochezacheza, umbo la pembe nane linalopumua rangi, akatoa heshi yake na kuiandika kwenye Namecoin pamoja na tamko la umiliki. Kesho yake yeye na Anil Dash walilionyesha wazo hilo mbele ya watu katika jumba la makumbusho la New Museum. Jina NFT, yaani tokeni ya kipekee isiyo na pacha, halikuwepo bado. Wengi leo wanaihesabu kuwa NFT ya kwanza duniani.

Namecoin, kumbuka, ni daftari la majina, na majina yake yanaisha muda baada ya bloku 36,000, kama siku 250 hivi. McCoy hakuhuisha. Mapema 2015 rekodi yake ikapitwa na muda, na hapakuwa na mtu aliyejali, maana haikuwa na bei.

Machi 2021 mnada wa Christie's ukauza kazi ya kidijitali ya msanii Beeple kwa dola milioni 69.3, na dunia ikapigwa na kichaa cha NFT. Mwezi uliofuata mtu fulani aliipata rekodi ile iliyoachwa kwenye Namecoin akaisajili upya kwa ufunguo wake. Juni nyumba ya mnada ya Sotheby's ikamuuzia mnunuzi Quantum kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Kilichouzwa kilikuwa tokeni mpya aliyoitengeneza McCoy kwenye Ethereum. Februari 2022 kampuni ya Kanada iitwayo Free Holdings, iliyoshika rekodi ya Namecoin, ikafungua shauri New York ikidai kwamba NFT ya kweli ya kwanza iko mikononi mwake.

Tulia hapa kidogo uliangalie daftari. Kwa macho ya Namecoin, Free Holdings walikuwa sahihi: jina lilikuwa wazi, wakalichukua, ufunguo ni wao. Kwa macho ya Ethereum, mwenye tokeni alikuwa mnunuzi wa Sotheby's. Madaftari mawili, kila moja halifutiki, kila moja halijui kama mwenzake yupo. Na mchoro wenyewe ni faili ambalo yeyote anaweza kulinakili. Na hakimiliki? Hiyo haikuwahi kutoka kwa McCoy, haiishi kwa siku 250, na hakuna daftari kati ya hayo mawili lililoigusa. Machi 2023 mahakama ilitupa shauri. Mdai hakuonyesha madhara yoyote aliyoyapata. Mimi naona iliamua vizuri. Kuokota bango lililoanguka mbele ya duka hakukufanyi mwenye duka.

Mnunuzi wa NFT, kwa kawaida, ananunua mstari kwenye daftari unaoelekeza kwenye faili lililoko mahali pengine. Anaweza kuupenda mstari huo, kama wapendavyo wengine stempu za posta. Haki ya kuchapisha, kuuza nakala au kutengeneza fulana haimo mpaka iandikwe kwenye mkataba. Novemba 2021 kundi la watu walionunua pamoja kwa sarafu za kripto lilitoa euro milioni 2.66 kwa nakala adimu ya kitabu cha michoro ya filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa, likatangaza nia ya kutoa kazi mpya kutokana nacho. Walikuwa wamenunua karatasi na jalada. Ni sawa na kununua kanga ukadhani umemnunua na Abdulla.

Naye Satoshi mwenyewe hakusalimika. Mwaka 2019 Craig Wright wa Australia alisajili Marekani hakimiliki ya andiko lile la 2008 akidai ndiye mtunzi. Ofisi ya hakimiliki ikalazimika kueleza kwamba kusajili si kuthibitisha, yenyewe haichunguzi ukweli wa dai. Mwaka 2021 akaishinda mbele ya mahakama ya London tovuti ya bitcoin.org, iliyokuwa ikilichapisha andiko hilo, kwa kuwa anayeiendesha, ajulikanaye kwa jina la Cobra, hakutaka kujitokeza kwa jina lake halisi ajitetee, na andiko likaondolewa kwa wasomaji wa Uingereza. Machi 2024 tu ndipo Jaji James Mellor, baada ya kesi iliyochukua wiki kadhaa, akaamua kwamba Wright si Satoshi na hakuliandika andiko lile. Katika miaka yote hiyo Wright hakuwahi kutoa hadharani sahihi moja inayohakikika ya ufunguo wa bloku za mwanzo. Daftari lingeweza kumsaidia kwa dakika moja, likanyamaza. Ila hukumu yenyewe ilijengwa na mashahidi, barua pepe na nyaraka zilizobainika kughushiwa, yaani ile kazi ya zamani ya binadamu kumsikiliza binadamu.

Kwa nini yatuhusu sisi? Kwa sababu tunajua maana ya mtu wa mbali kutangulia ofisini na neno lako. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama ya biashara kwa mavazi, na usajili ukakamilika 2003. Mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja walitia sahihi waraka wa kupinga. Kisheria alama ile haimzuii mtu kusema maneno hayo, inahusu kuyauza kwenye nguo katika soko lile, na hofu iliyoenea ilizidi ukweli. Uchungu, lakini, ulikuwa wa kweli. Alama ya biashara angalau inaweza kupingwa, inaweza kufutwa isipotumika, ina mipaka ya nchi na ya aina ya bidhaa. Neno hilo hilo likishikwa kwenye mnyororo, aliyelishika amelishika dhidi ya dunia nzima, na wasemaji wa Kiswahili hawana mlango wa kubisha.

Mkia wa .africa nao ulisumbua. DotConnectAfrica, iliyokuwa na makao Nairobi, iligombana na wasajili wa Afrika Kusini waliokuwa wakiungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Maombi yaliwekwa 2012, jopo huru likaikosoa ICANN 2015 kwa kukiuka taratibu zake, mahakama za California zikaingia, na .africa haikufunguliwa hadi 2017. Ni miaka mitano ya mivutano, na sina hamu ya kuusifia mchakato huo. Hata hivyo humo ndani swali la nani ana haki ya kulisemea bara liliulizwa, likajibiwa, likapingwa, likajibiwa tena. Kwenye daftari la wa kwanza kufika lingejibiwa kwa sekunde chache na mtu mwenye intaneti ya kasi.

Ndiyo maana ninapoulizwa kama teknolojia hii itatupa umiliki wa kweli mtandaoni, ninauliza kwanza umiliki upi. Kushika? Ndiyo, inashika vizuri kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho, na kwa mwandishi anayeogopa tovuti yake kuzimwa na wakubwa, hilo si dogo. Kuonyesha kitu kilikuwepo lini? Ndiyo. Kusema nani anastahili? Hapo inakurudisha kwa hakimu, kwa ofisi ya hakimiliki, kwa wazee wa taarabu wanaokumbuka wimbo ulitungwa na nani.

Mama mwenyekiti alinisikiliza yote haya alasiri moja huku akikata kitenge. Mwishowe akasema wao hawahitaji daftari la dunia, wanahitaji kujua nani anakumbuka kulipa. Tukachukua jina jipya, la .co.tz. Limeandikishwa kwa barua pepe ya kikundi, nywila wanaijua watu watatu, na tarehe ya kulipia imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye leja ya michango, ukurasa wa kwanza, juu ya majina ya wanachama. Jina la zamani bado linachezesha kamari. Nimeangalia: muda wake unaisha Machi.